Kila mtu akitaka kuwa shujaa, nani atabeba ngao?

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Juzi niliyashuhudia maneno hayo hapa mjini Kakamega, ingawa chombo chenyewe hakikuwa jahazi wala mashua. Zilikuwa simu tano za mkononi, na manahodha wake walikuwa vijana watano waliojibanza katika sebule ya dada yangu mtaani Kefinco.

Nilipobisha hodi na kuingia, hakuna aliyeinua uso. Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza chuoni, alisema tu, "Karibu mjomba, keti kidogo. Tunakufa." Baada ya dakika mbili hivi walikuwa wamekufa kweli, na hiyo ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka.

"Wewe ndiye kifaru wetu. Ulikuwa wapi?" akafoka mmoja wao.

Mpwa wangu akaitupa simu kochini. "Nimechoka kufa kwa ajili yenu. Mashindano ya Jumapili tafuteni mtu mwingine."

Mashindano hayo yalikuwa baina ya wanafunzi wa nyumba mbalimbali za kupanga, na kiingilio walikwisha kukilipa kutoka katika pesa zao za matumizi. Lakini pesa si kitu. Vijana hawa wametoka pamoja tangu shule ya msingi, na nilipouona uso wa mpwa wangu nilitambua kwamba kilichokuwa kikivunjika si timu ya mchezo peke yake. Nikawaomba wanieleze mambo yote polepole, kama mtu amwelezavyo mzee.

Nawe mzazi usiyeujua mchezo huu usiwe na hofu, nitakueleza kama nilivyoelezwa. Unaitwa Mobile Legends, na ulitolewa na kampuni ya Moonton ya Uchina mwaka 2016. Ukoo wake ni wa zamani zaidi. Mnamo 2003 wapenzi wa mchezo wa kompyuta uitwao Warcraft III waliutengenezea uwanja wao wenyewe wa vita, wakauita DotA. Kutokana na uwanja huo zikazaliwa League of Legends mwaka 2009 na Dota 2 mwaka 2013. Yote hiyo hufuata mpango mmoja: watano dhidi ya watano, njia tatu, msitu katikati ya njia hizo, na kila upande una minara na ngome yake. Anayeibomoa ngome ya mwenzake ndiye mshindi. Lishike neno hilo, kwani tutalirudia: mshindi ni mbomoaji wa ngome, si aliyeua watu wengi.

Kila mchezaji huchagua shujaa mmoja, na mashujaa wana kazi mbalimbali. Yuko kifaru, kwa mfano Tigreal, mwenye mwili mgumu na ngao, ambaye mapigo yake hayaui haraka. Yuko mpiganaji, mgumu kiasi na mkali kiasi. Yuko mviziaji, mwepesi wa kuingia na kutoka, lakini akishikwa hana maisha. Yuko mchawi, mwenye kurusha nguvu nyingi kwa mara moja kisha akangoja zirudi. Yuko mlenga shabaha, kama Layla, apigaye kutoka mbali. Mwisho yuko msaidizi, kama Estes, ambaye kazi yake ni kuwaponya wenzake.

Huyu mlenga shabaha ndiye kila kijana anayemtaka, kwa sababu mwishoni mwa mchezo hakuna anayeua kumshinda. Lakini yeye ni kama muwa wa Mumias. Ukiukata kabla ya wakati wake hupati sukari. Mwanzoni ni dhaifu, hana dhahabu ya kununulia silaha, na ni lazima mtu amlinde mpaka akomae.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe, wakati wote kumi wanapokutana. Asiyejua huona vurugu tupu, taa zikiwaka na kuzima. Kumbe kuna utaratibu, na vita hivyo aghalabu huamuliwa kabla ya pigo la kwanza. Timu yenye busara hujiuliza mambo matatu. Je, sote watano tupo, au mmoja bado yuko njia ya mbali? Je, nguvu zetu kuu ziko tayari, au tulizitumia punde tu? Je, tunajua adui yuko wapi, au amejificha vichakani? Jibu likiwa baya, dawa ni kurudi nyuma kwenye mnara na kungoja. Kurudi nyuma si woga.

Vita vikianza, kifaru ndiye afunguaye mlango. Huingia katikati ya maadui, akawakusanya na kuwapumbaza. Kupumbazwa huko hudumu kwa muda mfupi mno, pengine sekunde moja au mbili. Kwa hivyo mchawi hana budi kuwa ameshafika, na nguvu zake zianguke papo hapo. Akichelewa kidogo, kifaru amekufa bure.

Mlenga shabaha hukaa nyuma. Kosa lake kubwa ni tamaa ya kumkimbilia adui dhaifu aliye mbali ili amuue na kujipatia sifa. Sheria yake ni kumpiga yule aliye karibu ambaye anaweza kumfikia bila kujiweka hatarini. Akiwa hai hadi mwisho, vita ni vyao.

Mviziaji ndiye mwenye mtihani wa subira. Hutakiwa kukaa kando, nje ya macho ya watu, mpaka maadui wamalize nguvu zao za kupumbaza kwa kifaru. Hapo ndipo anapotokea ubavuni na kumwendea mlenga shabaha wa upande wa pili. Akiingia wa kwanza, huyo si mviziaji tena, ni sadaka. Mpiganaji naye huchagua mojawapo: ama aandamane na kifaru mbele, ama ageuke nyuma awazuie wale wanaokuja kumwinda mlenga shabaha wake. Na msaidizi, ambaye wengi humdharau, hutazama uhai wa wenzake kuliko anavyomtazama adui.

Vita vikiisha kwa ushindi, wachezaji wachanga huwafukuza waliosalia hadi wakanaswa na kufa mmoja mmoja. Wazoefu huwaacha wakimbie, wao wakaenda kubomoa mnara. Unakumbuka lile neno la ngome?

Baada ya maelezo hayo sikuhitaji kuwa bingwa wa mchezo ili kuona ugonjwa wa timu ile. Watatu kati ya watano walikuwa wamechagua walenga shabaha, kila mmoja akisema yeye ndiye mkali zaidi. Wa nne alikuwa mviziaji asiye na subira. Mpwa wangu, kwa kuwa ndiye mpole wao, alisukumiwa ukifaru bila kuulizwa. Kila alipoingia vitani na kugeuka nyuma, hakumwona mtu. Wenzake walikuwa msituni wakigombea dhahabu. Na kila alipokufa, walimcheka kwa idadi ya vifo vyake iliyoandikwa kwenye simu.

Nikawauliza kama wamewahi kusikia isukuti. Wakacheka, kwani ni mwana gani wa Kakamega asiyeisikia? Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Nikawaambia, "Haya, wapigaji wote watatu wanyang'anyane ile kubwa. Nani atacheza?" Wakanyamaza.

Msomaji mpendwa, pengine utasema haya ni mawazo ya mtu mzima asiyejua simu. Basi tazama yaliyotokea Vancouver, Kanada, Agosti 2018, katika mashindano makuu ya Dota 2. Timu ya OG ilikuwa imekimbiwa na wachezaji miezi michache tu kabla. Kocha wao, Sébastien Debs, akalazimika kuingia uwanjani. Nahodha, Johan Sundstein wa Denmark, ambaye aliwahi kushika nafasi za wachapaji wakuu, akakubali nafasi ya tano. Katika Dota nafasi huhesabiwa kwa wingi wa dhahabu, na wa tano ndiye apataye kidogo kuliko wote, wala hachelewi kufa ili wenzake wapone. Timu hiyo, iliyoanzia kwenye mchujo wa wazi, iliishinda PSG.LGD ya Uchina kwa mechi 3 kwa 2 katika fainali, ikaondoka na zaidi ya dola milioni 11. Mwaka uliofuata, huko Shanghai, ikatwaa tena ubingwa huo, na ikawa timu ya kwanza kuupata mara mbili. Nahodha wao alikuwa bado katika nafasi ile ile ya mwisho.

Hadithi hiyo ilimgusa yule kijana aliyekuwa akifoka. Akasema atajaribu ukifaru mara moja tu, tuone kama ni kazi ngumu hivyo. Wakaanza. Akaingia vitani, akageuka nyuma, na wenzake hawakuwapo. Akafa. Akaingia tena, akafa tena. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa imepungua. "Kumbe huku mbele mtu huwa peke yake hivi," akasema. Hakuomba msamaha, maana vijana wa umri huo hawajui kuomba msamaha kwa maneno. Lakini katika mchezo uliofuata alimrudishia mpwa wangu kifaru chake, naye akajichagulia msaidizi.

Katikati ya mchezo huo dada yangu akaita kutoka jikoni, "Chakula tayari! Wekeni hizo simu sasa hivi!" Mpwa wangu akatweta kwa wasiwasi. Hapa, akina mama na akina baba, nina neno kwenu. Mchezo huu hausimamishwi katikati kama filamu. Aondokaye huwaacha wenzake wanne wapambane na watano, na mchezo wenyewe humpunguzia alama za uaminifu. Kwa hivyo unapomnyang'anya mtoto simu ghafla, kwake wewe umemtoa uwanja wa Bukhungu wakati adui anapiga kona. Mchezo mmoja huchukua kama robo saa, mara nyingine zaidi. Mpe taarifa mapema: huu ndio wa mwisho, kisha meza. Na akianza mwingine baada ya ahadi hiyo, mchukulie simu bila huruma, kwani hapo ni yeye aliyevunja neno. Wala usiuite upuuzi mtupu. Mobile Legends iligombewa kwa medali katika Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia huko Ufilipino mwaka 2019. Hata hivyo, medali hizo hazimfanyii mtu mtihani, na bando la intaneti hutoka mfukoni mwa mzazi.

Nilimsihi dada yangu angoje dakika tano. Akaguna, akafunika ugali. Tigreal akaingia, akawakusanya maadui watatu, na safari hii nguvu za mchawi zikaanguka juu yao kabla hawajazinduka. Kifaru alikuwa karibu kufa, lakini Estes alikuwa nyuma yake, naye akapona. Sebule nzima ikapiga kelele, nami miongoni mwao.

Huenda unataka kujua mashindano ya Jumapili yalikwendaje. Walishinda duru ya kwanza, wakatolewa ya pili. Waliporudi walikuwa watano, wakibishana njia nzima ni nani alichelewa wapi. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa na vifo vingi kuliko wote, na safari hii hakuna aliyemcheka.

Leo jioni, mzazi, muulize mwanao swali moja: "Katika timu yenu, wewe ni nani?" Kisha umsikilize. Yamkini utajua mengi kuhusu mtoto wako, na pia kuhusu nani anabeba ngao nyumbani mwako bila kushukuriwa. Tukijaaliwa, tukutane Jumapili ijayo.