Kampuni za umeme zanunua maneno huku wateja wakingoja maelezo

KUKATIKA kwa umeme kuna gharama mbili. Ya kwanza ni ya biashara iliyokwama na nyama iliyooza kwenye friji. Ya pili ni ya imani, nayo hulipwa polepole, kila kampuni inapotoa taarifa na wateja wakakataa kuisadiki.

Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa tatu. KenGen ilieleza jinsi mnyama huyo alivyopanda paa, akaanguka, na megawati zaidi ya 180 zikapotea. Hata picha yake ilitolewa. Wakenya walicheka na kukejeli, lakini walijua kilichotokea.

Usiku wa Agosti 25, 2023, mambo yalikuwa mengine. Giza lilipotanda hadi katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Kenya Power ilitaja kutoweka kwa umeme wa upepo wa Lake Turkana kwenye gridi. Wenye mitambo hiyo wakajibu kwamba walilazimika kujitoa baada ya volteji ya gridi yenyewe kupanda kupita kiasi. Mteja akabaki na kauli mbili zinazopingana, zote za wataalamu.

Nchini Marekani, kuzuia aibu ya aina hii ni kazi ya kulipwa. Huko kuna takriban vyama 900 vya ushirika vya umeme, vingi vikiwa matunda ya mpango ulioanzishwa na Rais Franklin Roosevelt mnamo 1935, wakati ambapo karibu mashamba tisa kati ya kumi hayakuwa na umeme. Mteja wa chama ni mwanachama na mwenye mali. Ana kura moja ya kuchagua wakurugenzi, na ziada ikipatikana huandikiwa fungu lake. Ndiposa kuna washauri wa mawasiliano na uhusiano na wanachama: huhariri majarida, hupanga mkutano mkuu wa mwaka, hukusanya maoni, hueleza sababu za bei kupanda, na huwafunza wapokeaji simu cha kusema dhoruba inapoangusha nguzo.

Hata hivyo, jarida la kuvutia halizuii uozo. Chama cha Pedernales huko Texas, kilichoanzishwa 1938 kwa msukumo wa Lyndon Johnson alipokuwa mbunge, kilikuwa kikubwa kuliko vyote nchini humo, kikiwa na wanachama zaidi ya 200,000. Walichokosa wanachama hao ni uchaguzi wa kweli, kwa kuwa wakurugenzi walikuwa wamejijengea utaratibu wa kurudishana vitini. Mnamo 2007 wanachama walienda mahakamani. Meneja mkuu wa miaka mingi aliondoka 2008, na Desemba 2010 akapatikana na hatia kuhusu fedha za chama zilizopitia kampuni ya mawakili hadi kwa nduguye na mwana wa mkurugenzi mmoja. Uchaguzi wa ushindani na vikao vya wazi vilikuja baada ya kesi, wala havikuletwa na mshauri yeyote.

Kenya si ngeni kwa washauri. Kuanzia 2006, kampuni ya Manitoba Hydro International ya Canada ilikabidhiwa usimamizi wa kampuni ya umeme kwa miaka miwili. Lakini mteja wa hapa si mwanachama. Serikali inamiliki asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power, na muuza samaki anayenunua tokeni Gikomba hana kura popote. Alicho nacho ni vikao vya umma vya mamlaka ya Epra kabla ya bei kubadilishwa, ambavyo wengi husikia habari zake vikiwa vimekwisha.

Swali lake ni jepesi: mbona Sh500 zinampa yuniti chache mwezi huu kuliko uliopita? Jibu lipo. Gharama ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni hurekebishwa kila mwezi, na bei ya yuniti kwa nyumba hupanda matumizi yanapozidi yuniti 30, kisha 100. Ujumbe wa tokeni huorodhesha baadhi ya makato hayo kwa vifupisho ambavyo ni wahasibu tu wanaovifurahia.

Kwa haki, matangazo ya kila wiki ya maeneo yatakayokatiwa umeme kwa ajili ya ukarabati yamewasaidia wengi, kwa sababu yanataja mahali na saa. Mtindo huo ungefaa pia baada ya hitilafu kubwa: taarifa moja ya pamoja kutoka kwa wazalishaji, Ketraco na Kenya Power, yenye chanzo, saa na hatua zilizochukuliwa, itolewe katika muda uliowekwa na Epra. Kazi hiyo haihitaji zabuni ya washauri. Inahitaji wakurugenzi watatu walio tayari kutia saini karatasi moja.