Jedwali Nalo Lina Vina

Hakuna tusi linalomuuma mshairi wa Kiswahili kama kulikuta shairi lake limechapwa na mtu asiyejua shairi. Mshororo wa mizani 16, uliokaa ukwapi na utao, mizani 8 huku na 8 huku, hubanwa katika safu nyembamba ya gazeti. Neno la mwisho huangukia mstari wa chini likabaki peke yake, na kina cha kati hupotea kama sarafu iliyodondoka mchangani. Maneno yote yapo, hata herufi moja haikupungua. Lakini shairi limeharibika, kwa kuwa jicho halioni tena kile ambacho sikio lilikuwa likikingoja. Waandishi wa zamani walilijua hilo vyema. Katika miswada mingi ya tendi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti hukaa katika mstari mmoja na vipande vyake hutenganishwa kwa alama, ili msomaji apumue pale utungo unapopumua.

Kwa wapenzi wa ushairi hayo hayahitaji hoja. Kinachostaajabisha ni kwamba watu hao hao, wakiambiwa habari ya makala ya kitaaluma, hutikisa mabega. Vielelezo, majedwali na vichwa vya sehemu, husema, ni shughuli ya mpiga chapa. Lililo muhimu ni hoja. Kauli hiyo ni ya uvivu, na tena ni ya hatari. Majedwali na vielelezo ndiyo ukwapi na utao wa maandishi ya sayansi. Anayeamua safu zipi ziingie katika jedwali, mihimili ya grafu iandikwe kwa lugha gani, na kichwa kipi kitangulie, ameshaamua nani anasemeshwa na nani anasemwa tu.

Kipili ni ushahidi wa jambo hili. Ni bandari ndogo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Msafiri atokaye Sumbawanga hupita Namanyere, kisha huuacha uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka hadi majini. Mtu wa visiwani angepatambua mara moja: visiwa vidogo mbele ya bandari, vyombo vya uvuvi, na maisha yanayokwenda kwa dagaa. Katika miaka ya 1990, mradi wa utafiti wa uvuvi wa ziwa hilo, ulioendeshwa na FAO kwa msaada wa Finland, uliihesabu Kipili miongoni mwa mahali pa kupimia samaki. Tangu hapo jina lake limo katika ramani na majedwali ya wataalamu. Hata wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya wanalijua, kwa sababu samaki wa kwenye mawe wa Tanganyika huuzwa kwa jina la mahali walikovuliwa. Kipili imechorwa, imepimwa na imehesabiwa. Haijasemeshwa.

Na yanayosemwa si mambo madogo. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makala iliyokadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani huenda umepungua kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba jambo hilo lingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa kiasi cha asilimia 30. Sababu waliyoitaja ni kupanda kwa joto: maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na rutuba hubaki kilindini. Wataalamu wengine walizipinga hesabu hizo, wakasema kwamba mabadiliko ya mavuno yanaelezwa zaidi na mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mwaka 2016, Andrew Cohen na wenzake, baada ya kusoma tabaka za tope la chini ya ziwa, walieleza kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri. Kisha, tarehe 15 Mei 2024, Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Huenda uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini itazamwe hali ya mvuvi. Wasomi wanabishana kama kosa ni la wavu wake au la joto la dunia. Yeye ndiye mshitakiwa, na yeye ndiye aliyekaa miezi 3 bila kushusha chombo. Ushahidi wa kumtia hatiani na ushahidi wa kumtetea vyote vimo katika grafu ambazo mihimili yake, maelezo yake na vipimo vyake vimeandikwa kwa Kiingereza. Katika mahakama gani mshitakiwa hunyimwa hata kuisoma hati ya mashitaka?

Lichukuliwe jedwali kwanza. Sheria zake ni nzuri, na mshairi hapaswi kuzidharau. Kichwa cha jedwali hukaa juu na maelezo ya kielelezo hukaa chini. Kipimo huandikwa mara moja katika kichwa cha safu, kisirudiwe katika kila mstari. Mistari ya kulala huwa michache, na ya kusimama huepukwa ili jicho litembee bila vizuizi. Tarakimu hupangwa nukta chini ya nukta, kama vina vinavyopangwa silabi chini ya silabi. Hiyo ni arudhi kamili. Aibu iko katika kinachowekwa ndani. Safu ya kwanza hubeba majina ya Kilatini, Stolothrissa tanganicae, Limnothrissa miodon, Lates stappersii, Boulengerochromis microlepis, na mara nyingi safu ya pili haipo. Mvuvi wa upande wa Tanzania anawajua wote hao kwa majina: dagaa, lumbu, mgebuka, kuhe. Huyo mgebuka, akivuka mpaka wa Burundi, anaitwa mukeke. Safu moja tu ya majina ingetosha kuunganisha elimu ya maabara na elimu ya ufukoni. Badala yake, takwimu nyingi za mavuno huwatia dagaa na lumbu katika kapu moja, kwa kuwa hushuka pwani wakiwa wamechanganyika.

Tena jedwali hupangwa kwa miezi, Januari mpaka Desemba, kana kwamba samaki husoma kalenda ya ofisini. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na taa hutawala usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo hupumzika. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kufundishwa hilo, kwani ndivyo dagaa wanavyovuliwa kwake pia, na ndivyo anavyoijua bahari yake kwa bamvua na maji mafu. Jedwali linaloficha mwezi wa angani nyuma ya mwezi wa kalenda halina kosa la hesabu, ila limevunja mizani ya kazi yenyewe. Lau mvuvi angeulizwa namna ya kuligawa, angeligawa kwa giza na mbalamwezi, na huenda mtaalamu naye angejifunza kitu.

Kielelezo nacho kina taksiri zake. Grafu iliyochorwa kwa upana wa ukurasa mzima hufinywa iingie katika safu moja ya jarida, upana usiozidi kidole na kidole cha viganja viwili, na herufi zake hugeuka sisimizi. Mistari iliyotofautishwa kwa rangi nyekundu na kijani, ikipigwa chapa nyeusi au kunakiliwa kwa mashine, huwa mstari mmoja. Mpangaji wa kurasa hukisogeza kielelezo juu ya ukurasa unaofuata, na msomaji hubaki akifunua nyuma na mbele kama anayetafuta ubeti uliopotea. Ndiyo maana maelezo ya kielelezo yanatakiwa yajitegemee: mtu ayasome peke yake, aelewe kilichopimwa, wapi, lini na kwa kipimo gani. Kanuni hiyo ni njema. Basi itimizwe mpaka mwisho. Grafu ya joto la ziwa huchora kina kikishuka kuelekea chini, na hivyo ndivyo mvuvi anavyolifikiri ziwa. Inaeleza jinsi upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi unavyoyakoroga maji na kuiinua rutuba; mtu wa pwani angeuita kusi bila kusita. Picha iko tayari kueleweka. Kilichobaki ni maneno manne: kina, joto, mwaka, mahali.

Wahariri wa majarida ya Kiswahili nao wasijione wamesalimika. Wao wameazima ganda na kuacha kiini. Makala juu ya utenzi au hadithi huanza na 1.0 Utangulizi, ikaja 1.1 Usuli, 2.0 Mbinu, mpaka 4.2.1.3, na mwandishi anayezungumzia uzuri wa lugha hulazimika kuandika kama mtunza ghala. Mgawanyo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala unalifaa jaribio, kwa sababu jaribio linaweza kurudiwa na mtu mwingine hatua kwa hatua. Tafakuri juu ya shairi haina maabara. Kuipachika tarakimu hakuifanyi kuwa sayansi, kama vile kuhesabu mizani hakumfanyi mtu kuwa mshairi. Na kwa ukaidi huo huo, majarida yetu hudai ikisiri ya Kiingereza juu ya makala ya Kiswahili, ilhali majarida ya nje hayadai hata sentensi moja ya Kiswahili juu ya ziwa ambalo Kiswahili kinasikika Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie.

Watetezi wa hali hii wana majibu mawili. La kwanza, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo lilikwisha kuchakaa mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. La pili, kwamba mvuvi hawezi kusoma grafu hata ikiandikwa kwa lugha yake. Hilo ni dharau tupu. Mtoto wa skuli ya msingi hufundishwa majedwali na grafu katika somo la hisabati, na hufundishwa kwa Kiswahili. Kijana wa Kipili aliyemaliza darasa la saba amekwisha kuchora grafu za mvua na za mavuno. Aliyemfungia mlango si hisabati.

Wala gharama si kisingizio. Majarida mengi sasa husomwa kwenye mtandao, ambako kurasa haziuzwi kwa ratili. Jarida la Biotropica kwa miaka mingi limewaruhusu waandishi kuweka ikisiri ya pili kwa lugha nyingine, na halikufilisika kwa hilo. Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana: kila makala juu ya maziwa na bahari zetu iwe na ikisiri ya Kiswahili, kila kielelezo kiwe na maelezo kwa lugha mbili, kila jedwali la samaki liwe na safu ya majina ya wavuvi, na jina la mahali yalikokusanywa, na wavuvi waliotoa vyombo, usiku wao na maarifa yao watoke katika mstari mdogo wa shukrani mwishoni, waingie katika sehemu ya mbinu, kwa kuwa huko ndiko walikofanya kazi. Vyuo vikuu vyetu na taasisi zetu za utafiti zinaweza kuliweka hilo kuwa sharti kabla ya kutoa kibali, bila kumngoja mhariri wa London.

Na washairi wanayo sehemu yao. Miaka mingi wamepigania nafasi ya kina katika ukurasa, wakaambiwa wanapigania upuuzi, wakashinda kwa kuwa walijua kwamba umbo ni nusu ya kauli. Elimu hiyo haikukusudiwa kufungiwa diwanini. Anayejua kwa nini utao usitenganishwe na ukwapi wake ndiye anayefaa kuwaambia wasomi kwamba samaki asitenganishwe na jina lake, wala grafu ya ziwa isitenganishwe na watu wanaolala njaa au kushiba kwa ajili yake.