Sigara ya umeme: ya mekaniki si ya kuanzia

Kobalti ya Kolwezi inaingia mu batri nyingi za lithiamu duniani. Batri za aina hiyo njo zinatia nguvu mu sigara za umeme. Mu 2018, kule Florida, Marekani, mtu mmoja alikufa kisha sigara yake ya mekaniki kulipuka. Sababu inaeleweka. Ile ya mekaniki haina kitu cha kupima wala kukata umeme. Ukibonyeza, nguvu yote ya batri inakimbilia waya, na ile waya mara nyingi mwenyewe njo ameizungusha. Batri iliyojaa iko na volti 4,2. Waya ikiwa ya omu 0,2, inavuta amperi 21. Batri ya amperi 10 haiwezi kubeba ule muzigo: inachemka, inapasuka.

Basi mwenye kuanza achague ile yenye ulinzi wa elektroniki, inayojizima waya zikigusana. Batri ikiwa ngozi yake imepasuka, asiitumie. Asiiweke mufukoni pamoja na funguo.

Wachimbaji, tunajua shimo bila mbao linaua. Na mapafu yetu yamekwisha kula vumbi: asiyevuta, asianze.