SWALI LISIWE LA KUAZIMA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nataka kusema neno juu ya jambo ambalo sisi wa Kidato cha Nne twalisikia kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili, lakini litawakuta wengi wetu kabla ya miaka mingi kupita. Jambo lenyewe ni ile kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu hutakiwa kuifanya katika mwaka wake wa mwisho, chini ya mwalimu mmoja aitwaye msimamizi. Kabla ya kuianza hana budi kuandika pendekezo, yaani karatasi chache za kueleza anataka kuuliza nini, kwa sababu gani, na kwa njia gani.

Maoni yangu ni haya. Swali la kazi hiyo yafaa liwe la mwanafunzi mwenyewe, na kazi ya mwalimu iwe kulipima swali hilo pamoja naye. Tena naona kwamba desturi hii haitaota chuo kikuu ikiwa mbegu yake haikupandwa huku shuleni. Kwa hiyo nina ombi kwa waalimu wetu, nami nitalieleza baadaye.

Kwanza tuangalie wenzetu. Katika nchi ya Marekani, chuo cha Swarthmore kilianza mwaka 1922 mpango wa masomo ya heshima kwa wanafunzi waliotaka kwenda mbele kuliko darasa. Mkuu wa chuo siku hizo, Frank Aydelotte, alikuwa amesoma Oxford, Uingereza, akapenda jinsi mwanafunzi wa huko anavyosoma peke yake na kujibu mbele ya mwalimu wake. Katika mpango huo wa Swarthmore wanaomtahini mwanafunzi ni wataalamu wanaoalikwa kutoka nje, si waalimu waliomfundisha. Naona hekima kubwa katika jambo hilo. Mwalimu akiwa si yeye atakayetoa maksi, mwanafunzi hana haja ya kumficha udhaifu wa kazi yake. Wote wawili huwa upande mmoja, kama nahodha na baharia wanaoingoja dhoruba ile ile.

Chuo Kikuu cha Princeton nacho huwataka wanafunzi wote wa shahada iitwayo A.B. waandike tasnifu kabla ya kumaliza. Mwaka 1989 binti mmoja wa chuo hicho, Wendy Kopp, aliandika tasnifu iliyopendekeza kikosi cha vijana waliomaliza chuo kikuu, wapelekwe kufundisha katika shule zenye upungufu wa waalimu. Haikubaki kabatini. Kutokana nayo ilianzishwa Teach For America, na mwaka 1990 waalimu wake wa kwanza waliingia madarasani.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano, maana mfano ulio mkubwa kuliko yote umetoka katika nchi yetu, tena kwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na kuyatia sukari. Desturi ilikuwa kungoja yapoe ndipo yatiwe katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yangali moto. Akaona ajabu: yaliganda kabla ya yale ya mwenziwe aliyetia yake bila kuyachemsha. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa tu.

Hakuliacha swali lake. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akachekwa. Baadaye akaja mgeni kuzungumza na wanafunzi, naye ni Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya watu wote akauliza: ikiwa maji yaliyo sawa kwa wingi yatiwa katika vyombo viwili, kimoja kina joto la digrii 35 na kingine digrii 100, kwa nini yale ya digrii 100 huganda kwanza?

Wasomaji wapenzi, hebu tuangalie alivyofanya Dk. Osborne. Hakumcheka kijana, wala hakukubali upesi tu ili kumfurahisha. Alirudi chuoni, akaagiza jambo hilo lijaribiwe kwa vyombo. Mwaka 1969 habari yake ilichapishwa katika jarida la Physics Education, na majina yaliyoandikwa juu yake yalikuwa mawili: Mpemba na Osborne. Tangu hapo jambo hilo lajulikana ulimwenguni kwa jina la kijana yule. Mabishano hayajaisha hata leo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha majaribio yao wakisema kuwa hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba hata mahali kipimajoto kinapowekwa katika chombo huweza kubadili majibu. Kwangu mimi hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Swali lililoanzia penye sufuria ya maziwa limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Hapo ndipo naona maana ya msimamizi. Mpemba alikuwa na swali lakini hakuwa na vyombo vya kutosha, wala mtu wa kumsikiliza. Osborne alikuwa na vyombo na elimu, lakini swali lile hakuwa nalo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tutazame upande wa pili, nao si mzuri. Ndugu zetu waliotangulia vyuoni wanatusimulia kwamba yako maduka ya kupiga chapa ambako mwanafunzi aweza kununua pendekezo zima, tangu kichwa cha habari hata ukurasa wa mwisho, akaweka jina lake tu. Wengine huchukua kazi ya mwaka uliopita wakabadili jina la wilaya. Na siku hizi ziko kompyuta zinazotunga maneno zenyewe, nazo hazichoki wala haziulizi kwa nini. Wazazi wetu huuza mahindi na ng'ombe ili mtoto akasome, naye ananunua swali la mtu mwingine! Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtu huyo atapata shahada, lakini siku atakapopewa zahanati, au shamba, au daraja la kusimamia, na likatokea jambo lisilokuwamo kitabuni, atalinunua wapi jibu?

Walakini mimi siwalaumu wao peke yao. Mtu aliyezoeshwa kwa miaka kumi na zaidi kwamba maswali hutoka kwa mwalimu na majibu hutoka kwa mwanafunzi, ghafula aambiwa, "Haya, leta swali lako." Hana. Hajapata kuombwa hata mara moja. Hapana shaka atakwenda dukani.

Basi pendekezo jema ni la namna gani? Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu hapa bwenini. Tuseme mwanafunzi ataka kuandika juu ya "Uharibifu wa Misitu katika Tanzania". Maneno mazuri, lakini swali hilo ni pana mno. Hawezi kulimaliza hata akipewa miaka kumi na gari. Na tuseme mwingine auliza hivi: "Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huokoa kuni kiasi gani katika jiko la shule yetu?" Huyu wa pili amepata swali. Laweza kujibiwa, lajibika hapa hapa, na jibu lake lina faida kwa mtu, kwa kuwa kuni hizo hununuliwa kwa fedha, nazo hutoka katika miti ile ile aliyotaka kuililia yule wa kwanza.

Baada ya swali yafuata mambo manne. La kwanza ni kueleza yanayojulikana tayari. Mpishi wetu mkuu atasema kwamba yeye ajua tangu zamani kuwa maharage yaliyolowekwa huiva upesi. Vema, naye ni mwalimu katika jambo hilo, lakini ni upesi kiasi gani, na ni kilo ngapi za kuni? Hilo halijaandikwa. La pili ni njia. Mwanafunzi atapima kuni kwa mizani ya stoo kabla ya kupika, na zilizobaki baada ya kupika. Atafanya hivyo siku kumi za maharage, tano za kulowekwa na tano za kutolowekwa, zikipishana. La tatu ni mambo yanayoweza kumdanganya. Maharage ya zamani huchelewa kuiva kuliko mapya, kwa hiyo lazima yote yatoke katika gunia moja. Kuni mbichi haziwaki kama kavu, kwa hiyo nazo lazima zitoke katika fungu moja. Sufuria na jiko visibadilishwe. La nne ni muda na gharama: wiki tano au sita, mizani, saa, na daftari moja. Mambo hayo yote yaenea katika ukurasa mmoja.

Na msimamizi huombwaje? Wengi hudhani ni kumtafuta mwalimu mpole, au mwenye cheo kikubwa. Mimi naona atafutwe yule ambaye kazi yake ya kila siku yakaribia swali lako. Kwa swali la maharage, mwalimu wa fizikia au wa kilimo angefaa. Usimwendee mikono mitupu ukasema, "Mwalimu, naomba unipe kazi." Nenda na ukurasa wako, umwambie, "Shikamoo Mwalimu. Nina swali hili, na njia niliyoifikiri ni hii, lakini sehemu hii ya kupima unyevu wa kuni imenishinda. Je, waweza kunisaidia?" Mwalimu anayeonyeshwa mahali palipokushinda huona mara moja kama aweza kukufaa au la. Tena mpatane siku ya kukutana, kila wiki au kila wiki mbili, na siku hiyo uiheshimu. Akikuambia kwamba njia yako ina kasoro, usinune. Afadhali aione yeye kabla ya kazi kuliko kuionyeshwa na wengine baada ya kazi.

Sasa nalitoa ombi langu. Kwa heshima nawaomba Mwalimu Mkuu na waalimu wote wafikiri juu ya jambo hili: mwanzoni mwa mwaka, kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayependa aandike ukurasa mmoja wa pendekezo, amwendee mwalimu anayemtaka. Mwalimu awe na ruhusa ya kukataa, lakini aseme sababu. Kwa mwaka wa kwanza zichukuliwe kazi kumi tu. Zifanywe alasiri ya Jumamosi, na mwisho wa muhula wa pili zisomwe mbele ya shule nzima na wazazi watakaoweza kuja. Na wa kuzipima wawe waalimu wa masomo mengine au wa shule jirani, ili mwanafunzi na msimamizi wake wawe upande mmoja, kama ilivyo kule Swarthmore.

Wengine watasema kwamba mtihani wa taifa ndio uliotuleta hapa, na kwamba mambo haya yatatupotezea wakati. Ni neno zito, kwa maana maksi ndizo zitakazoamua nani ataendelea. Ndiyo sababu nasema Kidato cha Tatu na si cha Nne, na anayependa, si kila mtu. Lakini tusisahau kuwa aliyepima joto na uzito kwa mikono yake wiki baada ya wiki hatababaika akikutana nayo katika chumba cha mtihani.

Wengine watasema kwamba hatuna maabara ya kutosha. Ni kweli, vyombo ni vichache. Mpemba alianza na maziwa na jokofu la shule. Sisi tuna jiko, shamba, bomba linalovuja na wanafunzi wenzetu wa kuhesabiwa. Mwanafunzi wa historia aweza kuwauliza wazee wa kijiji cha jirani, kila mmoja peke yake, jinsi mahali hapa palivyopata jina lake, kisha alinganishe majibu.

Nao waalimu watasema kwamba wana mzigo mkubwa tayari. Hapo sina jibu la kiburi, kwa kuwa twawaona usiku wakisahihisha madaftari yetu kwa mamia. Ndiyo maana nimesema kazi kumi tu. Waalimu kumi wakichukua mwanafunzi mmoja mmoja, nusu saa kwa wiki, tutaona wenyewe kama mzigo huo wabebeka, na kama hauwezekani, tutaupunguza.

Mimi mwenyewe sitafaidika na mpango huu, kwa maana mwezi wa Novemba nitafanya mtihani na kuondoka. Nauombea kwa ajili ya wadogo zetu walio Kidato cha Pili leo. Katika hao hapana shaka yuko mmoja ambaye ameona kitu jikoni, au shambani, au bombani, akashangaa, akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Kuuliza si ujinga. Ndugu yangu, andika swali lako leo katika ukurasa wa nyuma wa daftari, uliweke. Nanyi waalimu wetu wapenzi, atakapowaletea, msimcheke, wala msimkubalie upesi. Mpeni mizani.