Zoezi la bakshishi na bili ya maji ya Ruiru

Kijana anayeanza kozi ya bure ya Google ya kutengeneza programu za simu za Android hafiki mbali kabla ya kukutana na zoezi la bakshishi. Hapo hutengeneza kikokotoo kidogo: mteja anaandika gharama ya chakula, na simu inampigia hesabu ya asilimia 15 ya kumwachia mhudumu. Zoezi lenyewe ni zuri, kwani linafunza kupokea namba, kuzifanyia hesabu na kuonyesha jibu. Lakini katika hoteli za ugali na matumbo mjini Ruiru, nani hutoa simu kukadiria asilimia? Mhudumu akikupendeza unamwachia chenji, basi. Kijana anamaliza zoezi, anapata beji yake na kusonga mbele na kitu ambacho hakuna mtu mtaani kwake atakayekitumia. Nasema hapo ndipo angepaswa kutua kidogo. Kabla ya kuingia somo linalofuata, aligeuze zoezi lile liwe la jambo analolifahamu, na asijihesabu kuwa amejifunza mpaka mtu mwingine amelitumia.

Jambo lenyewe halihitaji kutafutwa mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, ikauweka mji huo wa nne kwa ukubwa nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Ni mji wa wapangaji, na katika ploti yenye mita ndogo kwa kila nyumba, mwisho wa mwezi keyateka, yaani msimamizi wa ploti, hupita mlango kwa mlango na daftari lake. Anaandika namba ya mita, anatoa ile ya mwezi uliopita, anazidisha kwa bei ya yuniti, kisha anamtumia kila mpangaji ujumbe. Kwa kompyuta, hii ni hesabu ya bakshishi iliyobadilishwa nguo. Tofauti inajitokeza mtu anapokosea. Katika somo la Google kuna mstari mmoja wa msimbo unaoiambia simu kwamba kisanduku kikiachwa wazi, ichukulie kimeandikwa sifuri. Kwenye bakshishi, mstari huo haumdhuru mtu. Sasa uhamishe kwenye maji. Mita ya nyumba nambari 7 ilisoma 412 mwezi jana na leo inasoma 427. Keyateka akisahau kujaza namba ya mwezi jana, programu itatoa sifuri badala ya 412, na mpangaji aliyetumia yuniti 15 atatumiwa bili ya yuniti 427. Mstari uliokuwa sahihi darasani umezua ugomvi kwenye ploti. Mwanafunzi atakayeling'amua hilo atakuwa amejifunza jambo ambalo somo halikumwambia: msimbo hubeba dhana za aliyeuandika, na kazi ya mtengenezaji programu ni kuuliza kama dhana hizo zinashika mahali alipo yeye.

Ushahidi kwamba kozi peke yake haitoshi upo. Mnamo Januari 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za mtandaoni za vyuo vya MIT na Harvard tangu 2012 hadi 2018. Zaidi ya nusu ya waliojisajili hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, waliofika mwisho walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Miongoni mwa waliolipia cheti, walikuwa asilimia 46. Msomaji makini atasema waliolipa walikuwa wamekaza nia tangu mwanzo, hivyo pesa haikuwatia bidii, ilifichua tu bidii waliyokuwa nayo. Nakubali. Ila hapo ndipo swali lenye maana linapozuka: kijana asiyeweza kulipia cheti atafungwa na nini kwenye somo lake hata arudi tena Jumatano usiku, amechoka na bando linakaribia kuisha? Jibu langu ni mtu anayemsubiri. Keyateka aliyeahidiwa programu mwisho wa mwezi atauliza imefika wapi. Beji haimuulizi mtu chochote.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba anayeanza hana uwezo wa kutatua shida za mtaa, na kwamba kumtoa kwenye mtaala mapema ni kumpotezea njia. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo maana sisemi mtaala uachwe. Zoezi lifanywe kwanza kama lilivyo, hadi likubali, ndipo ligeuzwe. Ruiru yenyewe ina mfano wa namna hii ya kufanya kazi. Baada ya ugonjwa wa matunda ya kahawa kushambulia mashamba mwaka wa 1968, watafiti wa kahawa wa mji huu hawakutosheka na kuagiza mbegu ya nje na kuipanda ilivyo. Walichukua mmea mama wenye asili ya Colombia, wakauchavusha kwa mimea iliyobeba ubora wa kahawa ya Kenya na ukinzani dhidi ya ugonjwa huo, na mwaka wa 1985 wakatoa aina ya Ruiru 11. Mbegu ya kigeni ilihitajika, lakini haikuachwa ifanye kazi peke yake.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Android Studio, programu ambayo kozi hiyo huitumia, inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwenda juu, na laptopu ya namna hiyo si ya kila nyumba. Hili haliondolewi kwa maneno ya kutia moyo, lakini linapunguzwa kwa kushirikiana. Watu watatu wanaweza kusomea laptopu moja, na wakijaribisha kazi yao kwenye simu halisi iliyounganishwa kwa waya, kompyuta hupumzishwa ule mzigo wa kuigiza simu ndani yake. Vyuo havipo mbali: Zetech iko Ruiru penyewe, JKUAT iko Juja na Mount Kenya iko Thika. Kufungulia vijana wa mtaani maabara za kompyuta saa chache Jumamosi hakuhitaji jengo jipya.

Kisha kuna wanaouliza kwa nini mtu ajifunze leo ilhali akili unde inaandika msimbo kwa dakika moja. Inaandika, tena vizuri. Lakini akili unde haijawahi kusimama kwenye korido ya ploti keyateka akimweleza mpangaji kwamba mita yake ilibadilishwa katikati ya mwezi ikaanza upya kutoka sifuri. Asiyejua jambo hilo hataliuliza, na asiyeweza kuusoma msimbo hatajua kama jibu alilopewa limelizingatia. Kadiri kuandika kunavyokuwa rahisi, ndivyo kukagua kunavyopanda thamani.

Kwa hiyo walimu, vyuo na wafadhili wanaowaingiza vijana katika kozi hizi wabadilishe wanachokihesabu. Badala ya kuuliza vyeti vingapi vimetolewa, waulize programu ngapi zimetumiwa mwezi mzima na mtu asiyekuwa rafiki wa aliyezitengeneza. Duka la Google lenyewe linadai jambo linalokaribiana na hilo: mwenye akaunti mpya ya kibinafsi sharti apate watu 12 wa kujaribisha programu yake kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuiweka sokoni. Aliyejifunza peke yake chumbani ataomba watu hao kwa shida. Aliyeanza na daftari la keyateka anao tayari: ni wapangaji, na bili ya mwezi huu ikikosea watamwambia siku hiyo hiyo.