Usilipime Gazeti kwa Rula

Ukitakiwa kutofautisha gazeti makini na gazeti pendwa, usianze na ukubwa wa karatasi. Watahiniwa wengi huandika kwamba gazeti la kurasa pana ni makini, na la kurasa ndogo ni la udaku. Jibu hilo lilikuwa na ukweli Uingereza ya zamani. Hata huko limepitwa na wakati: The Times liliacha kurasa pana mwaka 2004, na The Guardian likahamia umbo dogo mwaka 2018.

Kwetu Tanzania kipimo hicho hakifai kabisa. Weka Mwananchi na Nipashe kando ya Ijumaa, Uwazi na Risasi: yote ni ya umbo dogo. Wala picha kubwa si alama ya udaku. Machi 2021, Rais John Magufuli alipofariki na kuzikwa Chato, magazeti makini nayo yalipamba ukurasa wa mbele kwa picha yake kubwa na maneno machache.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni hili: gazeti linamwandikia nani, na kwa nini? Chukulia kwamba duara la wachimbaji wadogo limetitia mkoani Geita. Gazeti makini litaandika kichwa cha habari kinachoeleza tukio, kisha litaje idadi ya waliookolewa, chanzo cha ajali na jina la aliyetoa taarifa. Msomaji wake anataka kujua ili aamue jambo. Gazeti pendwa litatanguliza picha ya mjane, wino mwekundu, alama za mshangao na maneno ya mtaani. Msomaji wake anapita stendi kwa haraka. Lazima aguswe moyo ndipo atoe pesa.

Msomaji huyo asidharauliwe. Hadithi za mfululizo za Eric Shigongo katika magazeti pendwa ziliwafanya watu wengi wasubiri toleo lijalo kwa hamu, na kusoma kwa hiari ni jambo jema. Ubaya huanza pale mvuto unapochukua nafasi ya ushahidi. Mama wa Chato ambaye mwanawe yumo chini ya kifusi hasaidiwi na kichwa cha habari kikali. Anahitaji kujua nani amesema, na amejuaje. “Chanzo chetu kimedokeza” si jibu kwake, hata likichapwa na gazeti linalojiita makini.

Kwa hiyo, katika mtihani, anza na hadhira na lengo la gazeti. Fuatia na lugha, vichwa vya habari, picha na mpangilio wa kurasa, ukitoa mfano kwa kila hoja. Ukubwa wa karatasi uutaje mwisho, kama historia. Na siku utakaponunua gazeti kwa pesa yako, tafuta kwanza jina la aliyetoa taarifa.