Programu Huria ya Malipo Iandaliwe Kabla ya Kuenezwa

Programu ya malipo ya matibabu haipimwi kwa sifa inazopewa katika kumbi za mikutano. Hupimwa katika zahanati ya pembezoni, siku mtandao unapokatika na mgonjwa amesimama dirishani.

Tanzania ina uzoefu wake. Mwaka 2012, mradi wa Tuimarishe Afya, uliofadhiliwa na Uswisi, ulianzisha mkoani Dodoma mfumo wa kusimamia Mfuko wa Afya ya Jamii: kuandikisha kaya, kuhakiki uanachama na kushughulikia madai ya vituo. Mfumo huo ndio uliozaa openIMIS, programu huria iliyofika hadi Nepal. Msimbo wake u wazi; nchi yoyote yaweza kuuchukua na kuurekebisha bila kulipia leseni.

Hata hivyo, msimbo kuwa wazi hakumfanyi mgonjwa aelewe ankara yake. Tutazame Lukole. Enzi za kambi ya wakimbizi wa Burundi, gharama za tiba zilibebwa na mashirika ya misaada. Leo, kaya ya Ngara au Biharamulo iliyochangia bima hutegemea jina lake lionekane kwenye kompyuta. Lisipoonekana, mama aliyembeba mtoto mwenye homa hutakiwa kutoa fedha taslimu, ilhali mchango wake ulikwisha kupokelewa.

Kwa hiyo, kabla ya kuieneza programu ya namna hii, mambo manne yatimizwe. Ifanye kazi bila mtandao, na kumbukumbu zioanishwe mtandao unaporejea. Iwe na mwongozo wa Kiswahili, kwani katika zahanati nyingi muuguzi ndiye pia mpokea fedha. Itoe ankara inayoonyesha dawa, vipimo, kilicholipwa na bima na kilichobaki. Na halmashauri iwe na fundi anayelipwa kuitunza.

Wapo watakaosema fedha za maandalizi hayo afadhali zinunue dawa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dai lililojazwa vibaya hukataliwa, na kituo kikakosa fedha za kununulia dawa hizo hizo.

Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaohitaji kuhudumiwa na mifumo hii wataongezeka. Wahudumu wa afya washirikishwe kuijaribu kabla haijafungwa vituoni. Nawe mgonjwa, iombe ankara yako, uisome, uulize usipoelewa.